Je, miti ya Dodoma huleta mvua? Swali lenye karibu miaka mia

Ukikaa Dodoma hata mwaka mmoja, lazima utaisikia: mvua imepungua kwa sababu tumekata miti. Mwalimu anasema, mwenyekiti wa mtaa anasema, dereva wa bodaboda naye anasema. Mwishoni mwa 2017, Makamu wa Rais wa wakati huo, Samia Suluhu Hassan, alipozindua kampeni ya Dodoma ya Kijani, hakuna aliyehitaji kuelezwa sana kwa nini miti. Tumelelewa na wazo hilo tangu shule ya msingi.

Sasa, wazo hilo si la kijinga. Lina sayansi ndani yake, tena sayansi nzito. Lakini lina historia pia, na katika historia hiyo kuna watu waliopoteza ng'ombe wao wote kwa jina la ardhi. Kwa hiyo inafaa tuulize vizuri: ardhi ya uwanda huu wa kati ina usemi gani juu ya mvua? Jibu langu, nalitoa mapema ili usinisubiri: ina usemi mkubwa sana juu ya kile ambacho mvua inafanya ikishafika chini, na usemi mdogo zaidi juu ya kiasi kitakachoshuka. Maswali hayo mawili tumeyachanganya kwa karibu karne nzima, na mchanganyiko huo umetugharimu.

Tuanze na hali yenyewe. Dodoma mjini hupata wastani wa milimita 570 hivi kwa mwaka, na karibu zote hushuka kati ya Desemba na Aprili. Kuanzia Mei hadi Oktoba ni vumbi tu. Upepo wa kusi unapovuma kutoka Bahari ya Hindi hukutana kwanza na milima ya mashariki (Nguru, Ukaguru, Rubeho), na unyevu mwingi unabaki huko. Sisi tuliopo nyuma ya milima tunapata upepo mkavu. Mwishoni mwa mwaka jua linapohamia kusini, ule ukanda wa mawingu unaolifuata jua nao unashuka, na ndipo tunapata msimu wetu mmoja. Mmoja tu. Watu wa Arusha au Tanga wakikosa vuli wana masika. Mgogo akikosa mvua ya Januari, hana ya akiba.

Ndiyo maana kwa Wagogo wa zamani mvua na ardhi vilikuwa chini ya ofisi moja. Mtemi ndiye aliyekuwa mwenye nchi kwa maana ya ibada, na ndiye huyohuyo aliyetunza mawe ya mvua. Hakukuwa na idara ya ardhi huku na idara ya hali ya hewa kule. Wazungu walipokuja, kwanza Wajerumani na reli yao iliyofika Dodoma mwaka 1910, kisha Waingereza, walileta kipima mvua na daftari. Idara ya Hali ya Hewa ya Afrika Mashariki ya Mwingereza ilianza 1929. Kuanzia hapo mvua ikawa namba, na ardhi ikawa jambo la mabwana shamba na mabwana mifugo.

Hapo ndipo tunafika Mpwapwa, na hapa naomba tukae kidogo, maana nadhani hii ni hadithi ambayo wanafunzi wengi wa jiografia nchini hawajawahi kusimuliwa.

Mwaka 1933, kwenye kituo cha mifugo cha Mpwapwa (ndiyo, hapohapo palipotoka ng'ombe aina ya Mpwapwa), mtafiti aitwaye R. R. Staples alitenga vipande vidogo vya ardhi kwenye mteremko wa kawaida. Kimoja kiliachwa kitupu kabisa, bila jani. Kingine kililimwa uwele. Kingine kilikuwa na majani. Kingine kilikuwa kichaka ambacho hakuna mnyama aliyeruhusiwa kukigusa. Chini ya kila kipande akaweka chombo cha kukinga maji na udongo unaoteremka mvua ikinyesha. Basi. Hakuna kompyuta, hakuna setilaiti. Ni miongoni mwa majaribio ya mwanzo kabisa ya aina hiyo katika Afrika ya kitropiki.

Matokeo yake bado yananishangaza. Kwenye kipande kitupu, karibu asilimia 50 ya mvua yote ilikimbia juu ya ardhi ikaondoka. Nusu! Kwenye shamba la uwele ilikimbia asilimia 26. Kwenye majani, asilimia 2 hivi. Kwenye kichaka, haikufika hata asilimia 1. Na udongo? Kipande kitupu kilipoteza tani 146 kwa hekta kwa mwaka, shamba la uwele tani 78 hivi, na vile viwili vyenye mimea ya asili havikupoteza kitu cha kupimika.

Hebu tufanye hesabu ya mezani. Milimita moja ya mvua kwenye hekta moja ni lita 10,000. Kama mwaka umeleta milimita 570 na nusu imekimbia, hekta moja imepoteza lita milioni 2 na laki 8 na ushee. Na tani 146 za udongo, kwa udongo wenye uzito wa kawaida, ni kama kukwangua sentimita moja ya juu ya shamba zima. Kwa mwaka mmoja. Sasa mkulima mwenye kipande kama hicho akikuambia mvua imepungua, anasema uongo? Kwa mazao yake, mvua imepungua kweli. Kipima mvua cha kituoni kinaweza kusoma milimita zilezile za miaka yote, ila mizizi ya mtama wake inapata nusu. Nadhani sehemu kubwa ya kauli ya "mvua imepungua" imezaliwa hapo, na hatuna haki ya kuicheka.

(Tahadhari moja kwa wanaopenda namba: hivi vilikuwa vipande vidogo. Maji yanayokimbia kutoka kipande kimoja yanaweza kunywewa na ardhi ya chini yake, kwa hiyo usichukue ile asilimia 50 ukaipaka wilaya nzima.)

Wakati Staples anapima Mpwapwa, kule Marekani nyanda za kati zilikuwa zinapeperuka kwa dhoruba za vumbi, na hofu ya mmomonyoko ilienea katika makoloni yote ya Mwingereza. Hofu hiyo ilikuwa na somo zuri ndani yake. Lakini kwa maofisa wengi iligeuka kuwa hukumu: mwenyeji anaharibu nchi kwa jembe na mifugo, kwa hiyo lazima asimamiwe.

Ajabu ni kwamba serikali hiyohiyo, miaka michache baadaye, iliendesha uharibifu ambao hakuna mwenyeji angeuweza. Mpango wa karanga wa Kongwa ulianza 1947. Lengo la awali lilikuwa ekari milioni tatu na zaidi. Mapori yakang'olewa kwa matrekta na minyororo. Kufikia Januari 1951 ukafutwa, na pauni milioni 36 za Uingereza zilikuwa zimeteketea. Sababu ni nyingi, ila mbili zinahusu mada yetu. Udongo wa Kongwa ukikauka unakuwa kama saruji, karanga haziwezi hata kung'olewa. Na mvua ya uwanda huu haieleweki kwa wastani wa mwaka. Unaweza kupata milimita zako zote, lakini kama zimekatika wiki tatu Februari wakati ua linatoka, wastani huo utauweka kwenye sufuria? Ukulima wa Dodoma ni suala la mvua inakuja lini na inakaa kimya siku ngapi. Mgogo alilijua hilo bila mtaalamu yeyote kutoka London.

Kondoa na ng'ombe wake

Twende sasa miaka ya 1970. Dunia nzima inaangalia Sahel, ambako ukame mkali umeua watu na mifugo. Mwaka 1975 Jule Charney, mwanasayansi mkubwa wa hali ya hewa wa chuo cha MIT, anatoa wazo lililotikisa fani. Linakwenda hivi: mifugo ikila majani yote, ardhi inabaki tupu na nyeupe. Ardhi nyeupe hurudisha mwanga mwingi wa jua angani (kipimo hiki cha mrudisho kinaitwa albedo). Ikirudisha mwanga mwingi, inabaki na nishati ndogo. Hewa ya juu yake inapoa na kushuka badala ya kupanda. Hewa inayoshuka haitengenezi mawingu. Mvua inapungua, majani yanapungua zaidi, na mzunguko unaendelea. Yaani ng'ombe anakula majani, na kwa kufanya hivyo anakula mvua ya mwakani.

Ni wazo zuri mno, na kimsingi fizikia yake ni sahihi. Tatizo la mawazo mazuri ni kwamba yanasafiri haraka kuliko ushahidi wake. Mtu wa utawala hahitaji milinganyo. Anabaki na sentensi moja tu: wafugaji wanafukuza mvua.

Huku kwetu mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulikuwa umeanza 1973 kwa fedha za Sweden. Sitaki kudai kwamba Charney ndiye aliyeuongoza. Lengo la HADO lilikuwa mmomonyoko, na mmomonyoko wa Kondoa ulikuwa wa kweli. Makorongo ya Irangi yalikuwa yanameza mashamba na barabara. Kilichofuata ndicho kizito. Mwaka 1979 iliamriwa mifugo yote itoke katika eneo lililoharibika la Kondoa, kilomita za mraba 1,256. Wanyama kati ya 85,000 na 90,000 waliondolewa: ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda. Mwaka 1986 amri kama hiyo ikafika Mvumi, kusini mwa mji wa Dodoma.

Fikiria maana yake kwa familia ya Kirangi. Hakuna maziwa, hakuna samadi ya shamba, mahari italipwaje, na ukame ukija hakuna cha kuuza. Wengine walipeleka mifugo kwa ndugu nje ya mipaka. Ardhi nayo ilijibu: katika miaka michache majani yalirudi, vichaka vikafunga, baadhi ya makorongo yakatulia. Kipimo cha Staples kilithibitika kwa ukubwa wa wilaya. Kuanzia 1989 ng'ombe wa maziwa wa kulishwa bandani wakaanza kuruhusiwa kidogokidogo.

Halafu baadaye wanajiolojia walipopima umri wa tabaka za udongo uliomomonyoka huko Irangi, wakakuta kwamba mmomonyoko mkubwa wa kwanza ulitokea mwishoni mwa zama za barafu, zaidi ya miaka 11,000 iliyopita, hali ya hewa ilipobadilika. Wimbi jingine lilianza yapata miaka 900 iliyopita, pamoja na kilimo. Kumbe lile kovu ambalo mfugaji wa 1979 alilaumiwa kwalo lilikuwa na umri wa babu wa babu zake, na sehemu yake haikuwa kazi ya binadamu kabisa.

Na mvua, je? Kijani kilichorudi Kondoa kingeweza kuongeza mvua ya Kondoa? Tupime tena mezani. Eneo la kilomita za mraba 1,256 ni kama mraba wenye upande wa kilomita 35. Upepo wa kawaida wa mita 5 kwa sekunde unalivuka kwa saa mbili. Mvuke ukishapanda angani hukaa kwa wastani siku nane hivi kabla ya kushuka kama mvua. Kwa kasi hiyo ungeweza kusafiri zaidi ya kilomita 3,000. Kwa lugha nyepesi, mvuke wa miti ya Kondoa una uwezekano mkubwa wa kunyesha nchi nyingine.

Hili si la kukisia tu. Mwaka 2010 Ruud van der Ent na wenzake wa Uholanzi walifuatilia kwa hesabu safari ya mvuke duniani kote. Walipata kwamba kwa wastani asilimia 40 ya mvua inayonyesha nchi kavu imetokana na mvuke uliopanda kutoka nchi kavu, si baharini. Kwa hiyo wanaosema miti huleta mvua wako sahihi! Ila angalia inaleta wapi: bonde la Kongo ni mojawapo ya maeneo yanayotegemea sana mvuke wa Afrika Mashariki. Miti yetu inaweza kuwa inamnyweshea Mkongo, na sisi tunanyweshewa na mwingine aliye upande upepo unakotoka. Kupanda miti kwenye kata moja ili kata hiyohiyo inyeshewe ni kama kuwasha feni nje ya nyumba ukitegemea chumba kipoe.

Bahari inaingia

Wakati wazo la Charney likiendelea kujadiliwa, mwaka 1986 wanasayansi wa Uingereza (Folland, Palmer na Parker) walionyesha kwamba ukame wa Sahel unaendana na joto la uso wa bahari duniani kote. Lawama ikahama kutoka kwenye midomo ya ng'ombe kwenda kwenye maji ya bahari zilizo mbali. Ardhi ilibaki kama kikuza sauti: haianzishi wimbo, lakini inaweza kuuongeza.

Hapo utabiri wa msimu ukapata msingi, kwa sababu bahari hubadilika polepole. Ukijua Oktoba bahari iko vipi, una kidokezo cha Januari. Baada ya mafuriko ya El Niño ya 1997/98, ambayo yaliikumba Afrika Mashariki vibaya, mikutano ya kikanda ya utabiri wa msimu ikaanza 1998, na hadi leo Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, hutoa utabiri wa mvua za msimu wa Novemba hadi Aprili kwa mikoa kama Dodoma na Singida: juu ya wastani, wastani au chini ya wastani, pamoja na lini mvua itaanza na kuisha.

Lakini uwanda wa kati una bahati mbaya ya kijiografia. El Niño ikija, kaskazini mwetu mvua huelekea kuongezeka na kusini mwa Afrika huelekea kupungua. Tanzania ya kati ipo karibu na egemeo la mizani hiyo. Na ukikaa kwenye egemeo la bembea, upande mmoja ukipanda na mwingine ukishuka, wewe husogei sana. Kidokezo cha bahari kwetu ni hafifu kuliko kwa jirani zetu wa pande zote mbili.

Ndiyo maana mimi naona swali la ardhi linapaswa kurudi mezani, ila kwa sura nyingine. Badala ya kuuliza kama miti itavuta mvua, tuulize hivi: je, unyevu uliopo kwenye udongo leo unaweza kutuambia kitu kuhusu mvua ya wiki chache zijazo? Udongo una kumbukumbu. Hewa husahau hali yake ndani ya wiki mbili hivi. Udongo ulioloa vizuri unaweza kukumbuka mwezi mmoja au miwili. Jua likiupiga udongo wenye maji, nishati inatumika kuvukiza. Likiupiga mkavu, inatumika kuchemsha hewa. Hewa mbili tofauti kabisa, na mawingu tofauti.

Mwaka 2004 Randal Koster na wenzake walikutanisha modeli kumi na mbili za hali ya hewa na kuziuliza: ni wapi duniani unyevu wa udongo unashika usukani wa mvua? Ramani ikaonyesha nyanda za kati za Marekani, Sahel, India na sehemu za Afrika ya ikweta. Ramani hii inanukuliwa kila mahali, na mwanafunzi wa Dodoma anaweza kuiangalia akasema, basi sisi hatumo. Ila soma tarehe zake: ni ramani ya Juni hadi Agosti. Miezi ambayo hapa hakuna hata tone! Unyevu gani utashika usukani Dodoma mwezi Julai? Kanuni iliyotokana na kazi hiyo ni muhimu kuliko ramani: usukani wa udongo huwa na nguvu mpakani, pale ambapo si jangwa wala si msitu wa mvua. Dodoma ya Januari ni mpaka wa namna hiyo hasa.

Na usidhani mwelekeo wake ni rahisi. Mwaka 2012 Christopher Taylor na wenzake waliangalia picha za setilaiti duniani kote, wakakuta kwamba mvua za mchana huelekea kuanzia juu ya vipande vya udongo mkavu kuliko majirani zake, hasa Sahel. Sehemu kavu inachemka zaidi, hewa inapanda, na upepo wenye unyevu unavutwa kutoka sehemu iliyoloa jirani. Mtu wa pwani analijua hili: ni upepo wa mchana wa kutoka baharini, ila hapa "bahari" ni shamba lililonyeshewa jana. Kwa hiyo pori lenye mabaka ya kijani na mabaka makavu linaweza kuamua wingu lianzie wapi, hata kama haliongezi maji ya msimu mzima.

Je, tunaweza kuyatumia haya kwenye utabiri? Majaribio yaliyofuata ya Koster, safari hii kwa kulisha modeli hali halisi ya udongo, yalionyesha faida hadi miezi miwili mbele, ya kiasi, na zaidi kwa joto kuliko kwa mvua. Faida hiyo ilijitokeza pale penye vipima mvua vingi. Ni rahisi kuelewa: ili modeli ikumbuke unyevu wa udongo wako, lazima kwanza mtu awe ameandika mvua iliyoshuka hapo. Setilaiti za kupima unyevu wa udongo zipo, SMOS ya Ulaya tangu 2009 na SMAP ya Marekani tangu 2015, ila zinaona sentimita chache za juu tu, na picha yake ni ya makumi ya kilomita. Dodoma kijiji kimoja hunyeshewa na cha pili kikaona wingu tu likipita.

Kwa hiyo mtu akiniuliza tupande miti Dodoma au tusipande, nasema tupande, na majani tuyaache, na makinga maji tuyachimbe, kwa sababu ya zile lita milioni 2 na ushee kwa hekta ambazo Staples aliziona zikikimbia. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 maji ya namna hiyo yaliharibu vibaya reli ya kati pale kati ya Gulwe na Kilosa. Hiyo ni ardhi ikizungumza, na ilisikika hadi Kigoma. Mvua yenyewe ya msimu ujao ni habari ya bahari, pamoja na mnong'ono wa udongo ambao bado hatujauwekea masikio ya kutosha. Kipima mvua cha shule ya sekondari, kikisomwa kila siku saa tatu asubuhi bila kuruka Jumapili, ni sikio mojawapo. Na mfugaji wa Mvumi asiambiwe tena kwamba ng'ombe wake ndio waliofukuza mawingu.